Kitabu kimoja, vipande vitatu: mazungumzo ya kuandika, kusoma na maktaba

MKUTUBI: Haya wasikilizaji wetu karibuni tena, tuko Tanga hapa, wingu limefunga kweli kweli kwahiyo mkisikia mabati yanapiga kelele huko katikati jueni ni mvua sio mitambo. Mimi ni yule yule mkutubi wenu, miaka 19 nimekaa kaunta ya maktaba nagonga mihuri, saivi nimestaafu, na pembeni yangu yuko mwenzangu wa siku zote, mwandishi. Dada umeamkaje?

MWANDISHI: Salama kaka, shikamoo.

MKUTUBI: Marahaba. Sasa leo nimekubana wewe. Kuna msikilizaji katutumia voisi, binti mdogo tu kwa sauti, anauliza yule dada anayeandika riwaya uandishi kasomea chuo gani. Nikasema hili swali silijibu mimi, mwenyewe yupo.

MWANDISHI: Aisee. Sijasomea chuo chochote mdogo wangu. Nilikosomea mimi ni bwenini, kidato cha tatu, mwaka 2004, na mwalimu wangu alikuwa kitabu kimoja kilichochanwa vipande vitatu.

MKUTUBI: Kilichochanwa! Unajua unaniumiza hapo.

MWANDISHI: Najua kaka, vumilia kidogo. Ilikuwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, wakati huo bado kipya kile, kilitoka 1999. Mwenzetu mmoja alikuja nacho kutoka likizo, kaka yake alimnunulia Dar. Bweni letu tulikuwa wasichana arobaini na kitu, kitabu kimoja, na kila mtu anataka. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu, watu wanagombana, mwingine anakificha chini ya godoro anakaa nacho siku nne. Basi mwenye kitabu akakaa akafikiri akachukua wembe, akakigawa mara tatu pale kwenye mshono, kila kipande akakishona na uzi wa katani na kukivalisha jalada la karatasi la kaki, akaandika juu kwa kalamu ya bluu MWANZO, KATI, MWISHO. Sheria ikawa kipande kimoja usiku mmoja, asubuhi kinahama kitanda. Na ole wako ukikimwagia chai.

MKUTUBI: Kumbe mlikuwa na mzunguko kabisa. Hiyo ni maktaba hiyo.

MWANDISHI: Ndo nnachosema siku zote! Sasa mimi zamu yangu ikaangukia KATI. Mwanzo umeshikwa na watu na foleni yake ndefu. Nikasema sawa, nasoma hivo hivo. Nafungua namkuta Yasmin, mtoto wa Kihindi, yuko Ng'ambo kule Unguja kwa Mwajuma, moyo wake uko kwa Denge, mimi sijui kafikaje pale, sijui kwao wapi, sijui kwanini ndugu zake hawamtaki. Nikawa nasoma na tochi ndani ya chandarua huku najijibu mwenyewe kichwani, labda wazazi wamekufa, labda katoroka, najenga ya kwangu. Usiku wa pili nikapata MWISHO. Mwanzo niliupata baada ya wiki tatu, ndo nakutana na Bwana Raza, mtu mzima aliyeozeshwa binti wa miaka kumi na tano. Kaka, nililia, maana nilikuwa tayari namjua yule msichana atakuja kuwa nani, afu namwona pale mdogo, hajui lolote, anavalishwa.

MKUTUBI: Yaani umemjua mtu ukubwani kisha unaonyeshwa picha yake ya utotoni.

MWANDISHI: Hivo hivo hasa. Na pale nikaelewa kitu ambacho mpaka leo ndo msingi wangu wa kazi. Kwamba ukurasa wowote utakaofunguliwa lazima uwe na uhai wake. Huwezi kumwambia msomaji vumilia, mbele huko kutanoga. Adam Shafi alinishika kwenye ukurasa wa katikati kabisa, sina hata jina la mtu mmoja kichwani, na sikulala. Kwahiyo mimi nikimaliza sura, sitoi sura ya kwanza kumpa mtu. Natoa karatasi mbili za katikati, nampa mtu anayesubiri huduma pale dukani, simwambii lolote. Akizirudisha akauliza enhe ikawaje, basi. Akizirudisha akasema nzuri, hongera, narudi kuandika upya.

MKUTUBI: Waeleze watu duka lenyewe, maana nalo lina habari yake.

MWANDISHI: Nina steshenari, fotokopi, kuprinti, kulaminisha, kujaza fomu za mtandaoni. Karibu na shule mbili za sekondari. Sasa hapo ndo nataka nikae kidogo maana kuna usemi mmoja unanichoma sana, watu wanausema hata redioni bila kufikiri, eti ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kwenye kitabu.

MKUTUBI: Ah, huo nimeusikia kaunta mpaka nimechoka.

MWANDISHI: Mimi nasimama na mashine ya fotokopi kuanzia saa mbili asubuhi. Naona watu wanavyotafuta maandishi. Mwaka jana alikuja kijana wa kidato cha nne, ana riwaya mkononi, moja ya zile teule za mtihani, akaniambia dada nataka kopi kamili, darasani tuko tisini vitabu viko vinne. Wamechanga mia tano mia tano, hela zipo kwenye mfuko wa rambo, sarafu tupu. Alisimama pale anazihesabu kwenye kaunta kwa mafungu ya elfu elfu. Sasa niambie kaka, hao wanafichwa kitu na kitabu? Hao tisini wamechanga wapate kukisoma! Aliyewaficha ni huyo aliyeleta vinne.

MKUTUBI: Ukafanyaje sasa? Maana na wewe ni mwandishi, na sheria ya hakimiliki ipo.

MWANDISHI: Ilinisumbua, nakuambia ukweli. Sheria ipo tangu 1999, COSOTA, wale wasimamizi wa hakimiliki, wapo, na mimi mwenyewe mtu akikopi kitabu changu kizima akakiuza nitaumia, maana kile ndo chakula. Lakini mbele yangu kuna kijana na sarafu. Nikamwambia kitabu kizima sitoi, nitakutolea sura ile mnayoifanya wiki hii, bure, na hizi hela zenu nenda kanunue nakala. Nikampigia simu muuza vitabu ninayemjua Dar, zikatumwa kwa basi nakala sita, hela haikutosha nikajazia. Sita na nne kumi, kwa watu tisini, watu tisa tisa. Na walikuja kuniambia wamefanyaje, we kisia.

MKUTUBI: Usiniambie wamechana.

MWANDISHI: Wamechana kaka. Vipande vitatu vitatu. Na mimi sikuwafundisha, nakuapia.

MKUTUBI: Mmh. Haya, sasa na mimi niseme ya upande wa kaunta. Kwa miaka yangu yote nimegundua kitu kimoja, kwenye maktaba kitabu kizuri huwa hukioni. Hakipo rafuni. Kipo nje kwa watu au kipo nyuma kwangu mezani kinatengenezwa. Ukiingia maktaba ukakuta rafu imejaa vitabu vimenyooka vinang'aa, hivo ni vile vya msaada vimekuja kwenye kontena, sijui mwongozo wa kodi za nchi gani, kompyuta za mwaka arobaini na saba, hakuna anayevigusa. Sasa Bwana Msa yule, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha 1960 kile, kilishinda yale mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 58, huyo mzee na kiko chake sijawahi kumwona akilala rafuni mwezi mzima. Nimembandika jalada mara tano kwa mkono wangu huu.

MWANDISHI: Waeleze unavyobandika, mimi napenda sana hii.

MKUTUBI: Kwanza, jambo la kwanza kabisa, sio selotepu. Watu wanadhani wanasaidia, mtoto amechana ukurasa mama anabandika selotepu anarudisha, anatabasamu. Selotepu baada ya miaka michache inakuwa ya njano, ile gundi yake inapenya kwenye karatasi, ukijaribu kuitoa inaondoka na maneno. Nimepoteza kurasa nyingi kwa selotepu kuliko kwa panya. Unatakiwa uchukue gundi nyeupe ile ya maji, uipunguze, na shashi, ile ya hospitali ya kufungia kidonda, ndiyo hiyo hiyo. Unakata kipande urefu wa mgongo wa kitabu, unapaka gundi, unalaza, unaweka juu ya kitabu kingine kizito usiku kucha. Asubuhi kitabu kinafunguka vizuri kabisa. Nilikuwa nanunua shashi kwa hela yangu duka la dawa, muuzaji ananiuliza kuna mgonjwa, namwambia wapo wengi.

MWANDISHI: Na ile habari ya namba, ulinieleza siku moja nikakasirika.

MKUTUBI: Enhe, namba za Dewey. Mwamerika, Melvil Dewey, alitengeneza mpangilio wake 1876, maktaba nyingi duniani na hata zetu zinatumia huo. Elimu yote kaigawa kuanzia 000 hadi 999. Fasihi ni 800. Sasa Wamarekani wana 810 yao, Waingereza 820 nzima, Wajerumani 830, Wafaransa 840. Ukija Afrika, lugha karibu zote za kusini mwa Sahara zimesukumwa kwenye 896. Kiswahili humo ndani ni 896.392. Kwahiyo Shaaban Robert, Kezilahabi, Adam Shafi, Bwana Msa, wote wanakaa chumba kimoja mwisho wa rafu, pembeni ya dirisha ambako jua linapiga mchana.

MWANDISHI: Yaani karibu bara zima namba moja! Ndo maana nlikasirika.

MKUTUBI: Na jua linakula karatasi, hilo ndo lilikuwa linanisumbua mimi zaidi ya ile namba. Nilikuja kuvihamisha, nikaweka 896 mlangoni pale mkono wa kulia ukiingia, namba hazikufuatana tena, mkaguzi alipokuja akauliza, nikamwambia mzee wasomaji wangu wanaingia kwa mlango huu. Akaangalia akaondoka, hakuandika kitu.

MWANDISHI: Ulifanya la maana sana. Mi maktaba ya kwanza kuingia ni hii ya mkoa hapa Tanga mjini, lile jengo la kikoloni lililokuwa linaitwa kwa jina la mfalme wao George wa sita, lina yale matao ndani na uwanja katikati. Nlikuwa naogopa kuingia kaka, nadhani nlikuwa na miaka kumi, nimetoka Muheza na mama, yeye kaenda sokoni kaniambia kaa hapo nisije nikakupoteza. Viatu vyangu vilikuwa na matope nikavua nikaviacha mlangoni kama msikitini. Dada wa kaunta akanifuata, sio kunifukuza, akaniletea viatu, akasema vaa, hapa watu wanaingia na viatu. Afu akaniuliza unajua kusoma? Nikamwambia najua, bibi kanifundisha.

MKUTUBI: Hadithi ya bibi hiyo hujawahi kuileta hewani.

MWANDISHI: Bibi yangu alikuwa mtoto wa kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi alikuwa mtu mzima tayari, ana watoto watano, hajui A. Wakakaa chini ya mwembe na wenzie jioni baada ya shamba. Kijijini kwao kukawa na maktaba, maktaba yenyewe kabati moja la mbao ofisini kwa katibu, ndani vijitabu vya kilimo cha pamba, ufugaji wa kuku, uzazi, na hadithi chache. Bibi alisoma lile kabati lote. Hata kilimo cha pamba ambayo sisi Muheza hatulimi, alikuwa anaijua kuanzia kupanda mpaka kuchambua. Alikuwa anasoma na kidole, anasukuma kidole chini ya mstari polepole, na midomo inatembea, akifika mwisho wa mstari kidole kinarudi kama mtu anayepiga pasi. Mimi nilijifunzia chini ya kidole kile. Mpaka leo nikisoma sentensi yangu nzito kidole changu kinatoka chenyewe.

MKUTUBI: Maktaba za vijiji zile zilikuwa nyingi. Mimi nilipoanza kazi nilikuta mabaki yake stoo, mabuku ya kuandikishia wasomaji, majina kwa mwandiko wa mtu anayejifunza, herufi kubwa kubwa, unaona kabisa hapa kalamu ilikuwa nzito mkononi.

MWANDISHI: Sasa bibi ndo alikuwa mhariri wangu wa kwanza. Nilipoanza kuandika, niko nyumbani nimemaliza shule, naandika kwenye kaunta buku, jioni namsomea. Hakuwahi kuniambia nzuri wala mbaya. Alikuwa anauliza maswali. Siku moja namsomea sura ndefu, kijana katoka kwao alfajiri anatembea kwa miguu kumfuata mchumba wake, milima, mito, nimeweka na mawingu huko, mimi najiona nimefika. Bibi kanyamaza mpaka nimemaliza, afu akauliza, huyu kijana tangu alfajiri kala nini?

MKUTUBI: Hahaha! Bibi huyo!

MWANDISHI: Nikasema bibi hajala. Akasema basi hafiki. Kaka, niliiangalia ile sura usiku kucha. Nikaona yule kijana hana tumbo, hana miguu, ni mawingu tu yale yanatembea. Nikarudi nikampa mihogo miwili ya kuchoma aliyonunua kwa mama mmoja njiani, na huyo mama akawa na maneno yake, na hayo maneno ndo yaliyobadilisha hadithi nzima, maana ni yeye aliyemwambia yule mchumba keshahama. Yote yametoka kwenye swali la chakula. Mpaka leo kila mtu kwenye riwaya zangu najua kala nini siku hiyo hata kama siandiki.

MKUTUBI: Sasa unaandika saa ngapi na duka hilo? Maana huyo binti wa voisi alimalizia na swali hilo.

MWANDISHI: Saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili. Kwa mkono kwanza, kaunta buku, mistari miwili naandika mmoja naruka, ule niliouruka ni wa kusahihishia. Mchana dukani wateja wakipungua nachapa kwenye kompyuta. Ni hivyo tu kila siku, na siku nyingine natoka na nusu ukurasa. Unajua nani ananipa moyo? Shaaban Robert, na sio kwa mashairi yake, kwa kazi yake ya mshahara. Yule mzee tunamtaja kama sanamu, lakini kuanzia 1926 alikuwa karani wa forodha, Pangani hapo jirani, afu idara ya mifugo, afu ofisi ya wilaya hapa Tanga, afu upimaji ardhi. Maisha yake yote alikuwa anaamka anaenda ofisini. Kusadikika kimetoka 1951, mtu ana kazi, ana watoto, serikali ni ya mkoloni, na anaandika habari ya nchi ambayo mtu anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria! Na barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge zipo zimechapishwa, za kuanzia 1931 mpaka 1958, mle unamkuta mtu wa kawaida kabisa, nyumba, afya, hela, miswada imefika wapi. Nikizisoma namwona kama mtu wa mtaa wa pili.

MKUTUBI: Na ni mtu wa hapa hapa kweli, Machui pale.

MWANDISHI: Pale pale. Nimeenda mara mbili.

MKUTUBI: Na miswada yako wewe? Ya kwanza ilikaa sana kama nakumbuka.

MWANDISHI: Ilikaa miaka miwili kwa mchapishaji mmoja, simtaji, hakunijibu ndio wala hapana, simu hapokei. Mwisho nikaenda kuuchukua kwa mkono, bahasha haijafunguliwa. Basi. Nikachapa mwenyewe nakala 300. Lakini hilo tulipite, nataka niseme kuhusu namba nyingine, maana wewe umesema ya kwako ya Dewey. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Watu wengi hawajui kwamba hapa kwetu namba hiyo inatoka kwa watu wa maktaba, Bodi ya Huduma za Maktaba, ile iliyoundwa kwa sheria ya 1963, na maktaba yao kuu pale Bibi Titi Dar ilifunguliwa na Nyerere mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru. Ukishika kitabu cha Kiswahili angalia nyuma juu ya ile mistari, ukikuta baada ya 978 kuna 9976 au 9987 hicho ni cha Tanzania, 9966 ni Kenya. Siku nilipoipata yangu niliiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya mashine. Wateja wanadhani ni namba ya kulipia.

MKUTUBI: Na nakala zako zinaenda kuhifadhiwa kule.

MWANDISHI: Zipo. Hata mimi nikifa na duka likiungua, zipo Dar kwenye rafu. Hilo linanipa amani ambayo siwezi kukuelezea.

MKUTUBI: Lakini dada watu watasema saivi kila kitu simu, maktaba ya nini. Vijana wanasoma hadithi wasapu.

MWANDISHI: Na mimi nawaunga mkono! Zile simulizi za wasapu na fesibuku mi nazisoma, mtunzi anaweka vipande kumi bure, cha kumi na moja unatuma elfu moja kwa simu unaingizwa kwenye grupu. Kuna watu wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Na unaona ni kile kile kipande KATI changu, mtu anakata pale pale roho iko juu. Wana ufundi ule wa kukata, wengi wetu wa vitabu tumeupoteza. Kinachoniuma ni kwamba simu ikifa hadithi imekufa, grupu likifungwa zimekwenda. Kuna moja niliisoma 2019 ya mama ntilie na dereva wa lori, nzuri mno, leo siipati popote, namba ya mtunzi haipatikani. Ingekuwa na nakala hata moja iliyotobolewa ikafungwa kamba, ikawekwa kwako pale mlangoni, leo ningeishika.

MKUTUBI: Wakati mwingine watu wanaletwa kwenye kitabu na habari tu. Unakumbuka Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah kapata Nobeli? Simu yangu haikupumzika. Watu wa Tanga, watu wa Unguja, kaka una kitabu chake? Sina. Hata kimoja. Mtoto wa Zanzibar kazaliwa 1948, riwaya kumi, na sisi rafuni sifuri. Niliona aibu, nilikuwa bado kazini.

MWANDISHI: Na Kiswahili chake kikaja 2022, Peponi, yaani ile riwaya yake ya Paradise, aliyetafsiri Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakachapa. Mimi nilikisubiri kama mtu anayesubiri ndugu uwanja wa ndege. Lakini unajua kilichonigusa zaidi ni hotuba yake ile ya kupokea tuzo. Anaanza kwa kusema tangu shuleni kipindi cha kuandika hadithi alikipenda kuliko vingine vyote, darasa zima linanyamaza, kila mtu kainamia dawati lake anatafuta cha kusimulia. Mtu kafika kule juu kabisa duniani, na anaanzia dawatini Zanzibar. Nikafikiria yale madarasa ya tisini pale jirani na duka langu. Kipindi hicho wanacho? Nikauliza. Wanaandika insha, mada imetolewa, umuhimu wa hiki, madhara ya kile. Hadithi yao wenyewe hawaandiki.

MKUTUBI: Ndo ukaanzisha ile Jumamosi.

MWANDISHI: Ndo nikaanza. Nafunga duka saa nane, wanakuja kumi na mbili, kumi na tano, wanakaa kwenye ndoo na mabenchi, nawapa karatasi zilizoharibika upande mmoja, fotokopi iliyokosea upande wa pili uko mweupe. Dakika arobaini hakuna kuongea. Kaka, ule ukimya ukiusikia! Mashine imezimwa, kalamu tu zinakwaruza, na mmoja mmoja anacheka mwenyewe huko kwa alichokiandika. Afu wanasomeana. Juzi mmoja kasoma, mwenzie akamkatiza, sasa huyu mtu kala nini? Mimi sikuwahi kuwaambia habari za bibi, nadhani niliuliza mara moja tu huko nyuma wakalishika.

MKUTUBI: Aisee.

MWANDISHI: Nilitoka nje kidogo.

MKUTUBI: Haya, mvua hiyo imeanza, mmeisikia wasikilizaji. Dada kabla hatujamaliza, Jumamosi hii nakuja. Zile nakala kumi za wale watoto nimezifikiria tangu ulipotaja. Vipande thelathini hivo vikiachwa hivohivo mwaka hauishi, kona zitaanza kuliwa. Kila kipande nakivalisha jalada gumu, nafunga mgongo kwa shashi, vibaki vitatu vitatu hivo hivo kama wanavyotaka wao.

MWANDISHI: Hutaviunganisha?

MKUTUBI: Naviunganishaje na watoto tisini wanangoja? Nitaleta gundi. We tafuta makaratasi ya kaki, na maboksi ya rimu usitupe, yale ndo majalada.

MWANDISHI: Maboksi yapo mengi. Na selotepu ninayo roli zima dukani kama itahitajika.

MKUTUBI: Dada.

MWANDISHI: Basi naiacha kabatini kaka, nimeelewa. Njoo saa tisa, watakuwa wanaandika, ingia taratibu.